Mama ana baridi yabisi, sasa misuli imeishiwa nguvu: prednisoloni vidonge 12 kwa siku si nyingi mno?

SWALI

Shikamoo daktari. Tunaishi Muheza. Mama yangu ana miaka 54, uzito kilo 61, na ana baridi yabisi ya viungo huu mwaka wa nane. Alikuwa anatumia methotreksati miligramu 15 kila Ijumaa, foliki asidi, hidroksiklorokwini, na prednisoloni kidonge kimoja cha miligramu 5. Vidole na magoti yalikuwa yametulia. Lakini tangu miezi mitatu hivi hawezi kuipua sufuria ya wali, hawezi kuanika nguo kambani, akikaa mkekani hainuki mpaka ashikwe, na kwenye daladala konda ndiye anayempandisha. Tulimpeleka hospitali, CK (kimeng'enya cha misuli) ikatoka 4,820, AST na ALT zimepanda mara nne ya kawaida. Wakasema ini limechoka, methotreksati ikasimamishwa. Wiki iliyopita daktari mwingine amesema misuli inashambuliwa, akaandika prednisoloni miligramu 60 kwa siku, yaani vidonge 12. Mama anaogopa, hajaanza. Je, baridi yabisi imehamia kwenye misuli? Dozi hii si kubwa mno? Methotreksati arudishiwe? Na Ramadhani inakaribia, ataweza kufunga?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole. Umeuliza maswali manne, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza, maana majibu ya mengine yanalitegemea: hilo ini linalosemwa limechoka.

AST na ALT tumezoea kuziita vipimo vya ini. Kumbe vimeng'enya hivyo vimo pia ndani ya misuli, hasa AST, na chembe za misuli zikivunjika humwagika kwenye damu pamoja na CK. Mtu mwenye CK ya 4,820 ni karibu lazima AST yake ipande, na ALT huifuata, hata ini lake likiwa zima kabisa. Mashine ya maabara haijui kimeng'enya kimetoka wapi, yenyewe inatoa namba tu. Kipimo cha kutenganisha ni GGT, ambacho misuli haikipandishi. GGT ikiwa ya kawaida, na bilirubini na albumini ziko sawa, basi ini linasingiziwa. Ikiwa GGT nayo iko juu, au macho yamekuwa ya manjano, au kipimo cha homa ya ini B au C kimeonyesha maambukizi, hapo methotreksati ikae kando kweli.

Simlaumu daktari aliyeisimamisha. Ukikutana na ALT iliyopanda mara nne kwa mtu anayetumia dawa hiyo, kuisimamisha ndiyo njia salama kwa siku ile. Shida inakuja pale uamuzi wa siku moja unapoingia kwenye faili kama historia ya kudumu, "methotreksati ilimharibu ini", na kila atakayemwona mama baadaye akaikwepa dawa ambayo pengine ingemfaa kwa viungo na kwa misuli kwa pamoja. Kwa hiyo ombeni GGT. Ni kipimo cha kawaida cha damu, hakihitaji safari ya Dar es Salaam.

Sasa swali lako la kwanza. Baridi yabisi yenyewe huweza kukondesha misuli: maumivu yanamfanya mtu asijishughulishe, na ule mchochota wa muda mrefu unakula nyama za mwili pole pole. Lakini aina hiyo haipandishi CK hadi maelfu. CK ya mama inaonyesha chembe za misuli zinavunjika, na udhaifu wake uko mahali hasa tunapoutarajia katika mchochota wa misuli, ambao madaktari huuita mayositisi: mabega na mapaja, pande zote mbili, umekuja kwa wiki na miezi. Kuipua sufuria, kuanika nguo, kuinuka mkekani, kupanda ngazi ya daladala, hizo zote ni kazi za misuli mikubwa iliyo karibu na kiwiliwili. Kama angekuwa anaangusha kikombe au anajikwaa kwa sababu unyayo unaburuza, ningeelekea kwenye mishipa ya fahamu.

Huu ni ugonjwa wa nadra. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wanaishi na baridi yabisi ya viungo. Mayositisi huwapata watu wachache tu katika kila laki moja. Yakikutana magonjwa haya mawili kwa mtu mmoja, mara nyingi si kwamba moja limehama. Ni kinga ya mwili ile ile iliyokosea njia, inashambulia viungo na misuli kwa wakati mmoja. Tunaiita hali ya magonjwa kupandana.

Kuna uwezekano mwingine ambao mimi huupa uzito zaidi kuliko wenzangu wengi: kwamba tangu mwanzo haikuwa baridi yabisi peke yake. Upo ugonjwa unaoambatana na antibodi iitwayo anti-Jo-1 na jamaa zake, ambao huweza kuanza kwa viungo kuvimba sawasawa na baridi yabisi, hata anti-CCP, kipimo cha damu cha baridi yabisi, kikatoka chanya, halafu miaka ikipita misuli na mapafu vinajitokeza. Kwa hiyo mkalishe mama kwenye mwanga wa mlangoni, umtazame mikono. Angalia ubavu wa kidole cha shahada ulioelekea kidole gumba: ngozi imekuwa ngumu, imechanika mistari myeusi kama ya fundi wa magari? Mama wa jikoni akiwa nayo watu husema ni mkaa na sabuni ya kufulia, na hakuna anayeuliza zaidi. Angalia pia juu ya vifundo vya vidole, viwiko na magoti kama kuna mabaka yaliyoinuka, na kope za juu kama zimevimba na kubadilika rangi. Picha nyingi za mabaka haya zinaonyesha wekundu au urujuani kwenye ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu huonekana kama weusi uliokolea au ukijivu, ndiyo maana hupita bila kuonwa. Muulize kama ana kikohozi kikavu, kama anahema akitembea hadi bombani, kama vidole hubadilika rangi na kufa ganzi asubuhi za baridi. Majibu hayo mwandikie daktari kwenye karatasi, yana thamani kuliko kipimo cha gharama kitakachofanywa bila kuelekezwa.

Kabla ya dozi, kuna mambo ya kuondoa njiani. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo. Steroidi ya juu, yaani dawa za jamii ya prednisoloni kwa dozi kubwa, inatibu mayositisi, lakini kwa baadhi ya vitu vinavyofanana nayo ni sumu. Miongoni mwa hivyo cha kuogofya zaidi kwa ukanda wetu ni usaha ndani ya misuli, ambao watu wengi huuita tambazi. Huo huwa upande mmoja, mahali pamoja, panauma na ni pagumu ukipabonyeza, na mgonjwa ana homa. Maelezo yako hayafanani nao, lakini kama kuna paja au tako moja lililovimba kuliko jingine, apigwe picha ya ultrasaundi kwanza.

La pili ni sindano. Wagonjwa wetu wa baridi yabisi wakizidiwa na maumivu hukimbilia duka la dawa kuchomwa diklofenaki makalioni. Sindano ya msuli yenyewe inapandisha CK kwa siku kadhaa. Haiwezi kuileta 4,820 pamoja na udhaifu wa miezi mitatu, lakini inavuruga hesabu tunapofuatilia kama dawa inafanya kazi. Basi sindano hizo zikome. Na hapo hapo ujue kwamba viwango "vya kawaida" vilivyochapwa kwenye fomu za maabara, mara nyingi mwisho karibu 200, vimetokana zaidi na watu wa Ulaya; watu weusi wenye afya njema huwa na CK ya juu zaidi kiasili. Kwa hiyo mama akishafika 350 huko mbele na nguvu zimerudi, asiongezewe dawa kwa kuikimbiza namba.

La tatu ni dawa zenyewe. Kama anatumia dawa ya kushusha lehemu, yaani statini, isimame na daktari aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna aina ya ugonjwa ambapo statini huamsha kinga ishambulie misuli, na unaendelea hata dawa ikiachwa. Hidroksiklorokwini ikitumika miaka mingi huweza kudhoofisha misuli, ingawa kwa kawaida CK haipandi sana. Wanaotumia sindano za kuzuia TNF, protini inayochochea mchochota, ambazo kwa viungo ni dawa nzuri mno, wameripotiwa mara kadhaa kuanza mayositisi wakiwa juu yake. Mama hayuko kwenye sindano hizo, na kwa sasa nisingempeleka huko. Halafu kuna zile chupa za "mizizi ya baridi yabisi" zinazouzwa stendi. Dawa za aina hiyo zimeshakutwa katika nchi mbalimbali zimetiwa steroidi kwa siri, na ndiyo maana mtu hupata nafuu usiku mmoja tu. Kama anakunywa, mwambie asifiche. Daktari asiyejua hawezi kupiga hesabu ya steroidi iliyokwishaingia mwilini.

Vipimo vilivyobaki ni vya kawaida: TSH ya tezi ya thairoidi, maana tezi ikilegea CK hupanda na misuli hulegea, potasiamu, VVU, figo na picha nzima ya damu. Na kwa mtu mwenye baridi yabisi ya muda mrefu, shingo. Pingili mbili za juu huweza kulegea na kubana uti wa mgongo. Mikono ikifa ganzi, miguu ikakakamaa badala ya kulegea, au mkojo ukawa mgumu kuutoa au kuuzuia, hiyo ni dharura ya shingo, na vidonge 12 havitaisaidia.

Vipimo vikubwa ni vinne: antibodi za mayositisi, kipimo cha umeme wa misuli, picha ya MRI ya mapaja, na kuchukua kinyama cha msuli kikapimwe. Havipatikani kila mahali, na sampuli za antibodi mara nyingi husafirishwa nje ya nchi. Mama akipata rufaa, mkumbushe daktari jambo moja la kiufundi: sindano za kipimo cha umeme zichomwe upande mmoja wa mwili, kinyama kichukuliwe upande mwingine, ili majeraha ya sindano yasionekane kwenye hadubini kama ugonjwa. Je, asubiri matokeo yote ndipo aanze dawa? Hapana. Kama nguvu zinaendelea kupungua, rufaa iko mbali, na vipimo vya maambukizi viko safi, tiba ianze. Kinyama kikichukuliwa ndani ya wiki chache za kwanza bado kinaweza kutuambia jambo.

Ndiyo, miligramu 60 ni dozi inayokubalika. Kwa mayositisi prednisoloni huanza kati ya nusu miligramu na miligramu moja kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kwa kilo 61 daktari wenu yuko juu ya ngazi lakini bado yumo ndani. Mimi kwa mama wa miaka 54 ambaye ameshakula prednisoloni kwa muda, na ambaye bado anameza na kupumua vizuri, pengine ningeanza na 40 na kuongeza dawa ya pili mapema. Hiyo ni tofauti ya mtazamo kati ya madaktari; asikatae dozi kwa sababu yangu. Kinachonipa wasiwasi ni kwamba barua yako haisemi itashushwa lini. Dozi ya juu hukaa wiki nne hivi, hadi CK ianze kushuka na nguvu zianze kurudi, halafu hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili, lengo likiwa miligramu 5 hadi 10 baada ya miezi kadhaa. Mwambieni daktari aandike ratiba hiyo kwenye daftari la mama. Mgonjwa aliyepewa vidonge 12 bila ratiba utamkuta baada ya miezi sita bado yuko kwenye 12, uso umevimba, sukari imepanda, mifupa imekonda.

Jamii ya dawa za prednisoloni ilianza maisha yake kwenye ugonjwa huu huu wa mama. Septemba 1948, huko Mayo Clinic nchini Marekani, daktari Philip Hench alimpa kotisoni, steroidi iliyoitangulia prednisoloni, mwanamke mwenye baridi yabisi aliyekuwa hawezi kutembea vizuri, na ndani ya siku chache akainuka. Hench na wenzake wawili walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1950. Madhara yalijulikana kwa ukubwa wake baadaye, watu walipokwisha kuizoea.

Vidonge vyote 12 vimezwe asubuhi kwa mkupuo, baada ya chai na kitu cha kula. Kabla ya kidonge cha kwanza apimwe sukari, presha, homa ya ini B, na aulizwe habari za kifua kikuu kwa dhati: kikohozi, jasho la usiku, kupungua uzito, nani nyumbani amewahi kutibiwa. Na kuna mnyoo ambao husahauliwa, strongiloidi, unaoingia kwa kupitia nyayo kwenye udongo wenye unyevu na kukaa mwilini miaka mingi bila kelele. Chini ya steroidi ya juu unaweza kuzaana na kusambaa mwili mzima hadi kuua. Kwa mtu aliyeishi na kulima pwani, kupima au kumpa ivermektini mapema ni busara, nayo ni dawa rahisi. Aongezewe kalisiamu na vitamini D, na daktari afikirie dawa ya kulinda mifupa. Jambo moja tafadhali msilifanye kamwe: kuziacha ghafla. Kwa miaka mwili wa mama umepokea prednisoloni kutoka nje, na tezi zake zimepunguza kutengeneza homoni yake. Akiacha siku moja kwa hofu au kwa sababu duka limeishiwa, anaweza kuanguka kwa presha kushuka.

Prednisoloni ni ya kuzima moto. Ya kukaa nayo ni dawa nyingine, na hapa ndipo baridi yabisi ya mama inapotuelekeza. GGT ikiwa sawa, na picha ya kifua ikiwa safi, methotreksati ndiyo chaguo langu la kwanza: inatibu viungo, inatibu misuli, inapatikana, na mama ameshaizoea. Ingerudishwa kwenye 15 na kupandishwa taratibu kuelekea 20 hadi 25 kwa wiki. Kwa wiki, nasema tena. Ijumaa yake ibaki Ijumaa. Watu wamekufa kwa kumeza dawa hii kila siku kwa kudhani mfamasia amekosea. Na akiugua kifua au mkojo asinunue Septrin. Dozi kamili ya Septrin juu ya methotreksati inaweza kuzima uboho usitengeneze damu. SP ya malaria nayo ni ya jamii hiyo, aikwepe. Kwa sababu mko Muheza niseme pia kwamba hidroksiklorokwini si kinga ya malaria ya kutegemea huko kwetu. Chandarua kinabaki pale pale.

Kama mapafu yameshaguswa, mpango unabadilika. Wengi wetu hapo huiweka methotreksati pembeni na kuchukua dawa nyingine za kutuliza kinga, mikofenolati au rituksimabu. Azathioprini ni nzuri pia kwa misuli na hata kwa mapafu, ni nafuu, ila kwa viungo ina nguvu ndogo, na isikutanishwe na alopurinoli ya jongo.

Rituksimabu ina kitu cha pekee kwa mgonjwa kama mama, kwamba ni dawa iliyoidhinishwa kwa baridi yabisi na inasaidia mayositisi pia. Utafiti mkubwa wa mwaka 2013 wenye wagonjwa 200 haukufikia lengo kuu lililowekwa, lakini kabla haujaisha zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 walikuwa wameimarika, na uchambuzi uliofuata ulionyesha wenye anti-Jo-1 walifaidika zaidi. Hutolewa kwa dripu mbili, wiki mbili zikiwa katikati, kila moja gramu moja. Homa ya ini B lazima ipimwe kwanza, maana dawa hii huiamsha. Bei ni kikwazo. Ulizeni bima kabla ya kukata tamaa.

Iko pia imunoglobulini ya dripu, protini za kinga zilizochujwa kutoka damu za wachangiaji wengi. Katika utafiti wa 2022 kwa wagonjwa 95 wa aina ya mayositisi inayoshika ngozi, baada ya wiki 16 walioimarika walikuwa 79 katika kila 100, na kwa waliopewa dripu bandia 44. Uzuri wake ni kwamba haishushi kinga, hivyo mgonjwa mwenye maambukizi anaweza kuipata. Ubaya ni fedha: gramu 2 kwa kila kilo, kila mwezi. Kwa kilo 61 hizo ni gramu 122 kwa mara moja. Naiacha kwa mtu anayepaliwa, au aliyeshindwa na dawa nyingine, au aliyeharibiwa misuli na statini.

Mtajuaje kwamba inafanya kazi? Si kwa CK peke yake. CK hutangulia kushuka, nguvu hufuata wiki au miezi baadaye, na katikati hapo familia nyingi hukata tamaa. Tafuta kiti kigumu kisicho na mikono, mama akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara tano, wewe shika simu umpime sekunde. Ikiwa leo hawezi hata mara moja, andika hivyo hivyo. Rudia kila Jumapili, kiti kile kile. Daftari hilo litamsaidia daktari kugundua jambo linalotutatiza sana: steroidi yenyewe ikizidi hudhoofisha mapaja. Nguvu zikirudi nyuma huku CK ikiwa imeshatulia, tunashuku dawa, na jibu ni kupunguza. Zikirudi nyuma huku CK ikipanda, ugonjwa umeamka. Mkiongeza prednisoloni bila kutofautisha haya mawili mtazunguka hapo hapo mwaka mzima. Na kama baada ya miezi sita ya tiba nzuri hakuna kilichobadilika, hasa ikiwa kukunja vidole na mapaja ndiko kulikodhoofu zaidi, kinyama kirudiwe. Baada ya umri wa miaka 50 kuna aina ya mayositisi isiyosikia steroidi kabisa, na kumlisha mtu vidonge vya bure ni dhuluma.

Zamani tuliwaambia hawa wagonjwa walale. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Karolinska huko Sweden, na wengine baada yao, wameonyesha kwamba mazoezi ya kupimwa hayaongezi mchochota, yanarudisha nguvu. Akianza kupata nafuu, ainuke kitini mara chache asubuhi na jioni, ainue chupa ya maji ya nusu lita, atembee uani. Misuli ikichoka ni sawa. Ikiuma hadi kesho yake, amezidisha.

Zipo dalili ambazo hazisubiri kliniki: kupaliwa na maji au mate, chakula kutokea puani, sauti kuwa ya puani, kuhema akiwa amelala chali, moyo kwenda mbio bila sababu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, au homa akiwa kwenye dozi kubwa. Akianza kupaliwa msimpe maji membamba kwa nguvu. Akae wima, ale uji mzito au mtori kwa vijiko vidogo, na aende hospitali siku hiyo hiyo. Na kama mabaka ya ngozi niliyoyataja yapo, aombe uchunguzi wa saratani ya matiti, mlango wa kizazi na vifuko vya mayai ya uzazi, kwa sababu mayositisi ya aina hiyo huweza kutangulia au kufuatana na saratani, hasa ndani ya miaka mitatu ya mwanzo.

Kuhusu Ramadhani. Mwaka huu, akiwa kwenye miligramu 60 na sukari bado haijajulikana itakwenda wapi, asifunge. Mgonjwa ana ruhusa yake, na sheikh wa msikiti wenu atamweleza habari ya kulipa au fidia kuliko mimi. Ninalowaomba ni asijaribu "nusu nusu", afunge siku tatu akiruka vidonge kisha aendelee, kwa sababu kuruka ndiko kunakoangusha presha. Mwakani, ikiwa atakuwa ameshuka hadi miligramu 5 au chini, sukari iko sawa na nguvu zimerudi, wengi hufunga bila taabu: prednisoloni hunywewa wakati wa daku pamoja na chakula, methotreksati siku ya Ijumaa jioni baada ya futari, na maji ya kutosha hadi alfajiri. Dozi yoyote ya juu ya hapo azungumze na daktari wake mwezi Shaabani, si usiku wa kuandama mwezi.